Jukwaa, Kitabu na Dola: Tamthilia ya Kiswahili na Swali la Hadhira nchini Kenya

Wahakiki wengi wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuupima ujasiri wa mtunzi kwa kuitazama dhamira yake. Tamthilia inayowasuta watawala huhesabiwa kuwa ya kimapinduzi. Isiyowasuta huwekwa kando pamoja na michezo ya mapenzi na ndoa. Kipimo hiki ni chepesi, na kwa wepesi wake kimewapotosha wengi. Hakiwezi kueleza jambo lililo wazi kwa kila mwalimu wa shule ya sekondari: kwamba Wizara ya Elimu iliwapa watahiniwa wa kidato cha nne tamthilia juu ya mtawala katili na mporaji, ikawataka waisome na kuijibia maswali kwa muda wa miaka mitano, kisha, mwezi wa Aprili 2025, katika tamasha la maigizo la shule lililo chini ya Wizara hiyohiyo, mchezo wa wasichana juu ya utawala mbaya ukakataliwa, ukaokolewa na Mahakama Kuu, na hatimaye ukakumbana na polisi. Dhamira za kazi hizo mbili ni ndugu. Kilichozitenganisha ni kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachochunguzwa hapa.

Yafaa kuanzia Limuru. Mwezi wa Julai 1977 riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, *Petals of Blood*, ilizinduliwa jijini Nairobi na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Riwaya hiyo haikuwasaza mabwanyenye wapya wa Kenya, wala haikuficha hasira yake. Lakini haikupigwa marufuku, wala mtunzi hakuguswa kwa ajili yake. Miezi michache baadaye, tarehe 2 Oktoba, mchezo wa *Ngaahika Ndeenda*, uliotungwa na Ngugi huyohuyo pamoja na Ngugi wa Mirii, ulianza kuonyeshwa Kamiriithu. Tarehe 16 Novemba kibali cha kuuonyesha kiliondolewa, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o alikuwa amekamatwa. Alizuiliwa bila ya kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya lugha. Riwaya ilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya wachache. Mchezo ulikuwa kwa Kigikuyu, lugha ya wakulima na wafanyakazi wa mahali pale. Maelezo haya, ambayo Ngugi mwenyewe aliyatia nguvu katika insha zake hadi alipofariki tarehe 28 Mei 2025, yana ukweli mwingi, na hakuna msomi wa lugha za Kiafrika atakayetamani kuyapuuza. Hata hivyo hayatoshi. Riwaya ya *Caitaani Mutharaba-ini*, aliyoitunga kwa Kigikuyu akiwa Kamiti, ilichapishwa mwaka 1980 na kuuzwa waziwazi. Kama lugha peke yake ingekuwa ndiyo kosa, riwaya hiyo isingefika madukani. Kwa upande mwingine, mchezo wa *Maitu Njugira*, wenye nyimbo za lugha nyingi za Kenya, ulifungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa mwaka 1982, na mwaka huohuo kituo cha Kamiriithu kikafutiwa usajili na jukwaa lake la wazi likabomolewa.

Hata kisa cha *Matigari*, riwaya ya Kigikuyu iliyokusanywa madukani na polisi mwaka 1987, hakiivunji hoja hii bali kinaithibitisha. Kwa mujibu wa Ngugi, riwaya hiyo ilianza kusakwa pale watu walipomzungumza Matigari kama mtu aliye hai, anayezunguka nchini akiuliza maswali. Maadamu mhusika alikaa kitabuni, alivumiliwa. Alipotoka kitabuni akaingia vinywani mwa watu, alitafutwa.

Kilichofanyika Kamiriithu, basi, hakikuwa kusemwa kwa jambo jipya. Habari za Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu ya ardhi na hati yake iliyotundikwa ukutani, anayehadaiwa na tajiri Kioi mpaka ardhi hiyo ikamponyoka kwa njia ya mkopo, hazikuwa siri kwa yeyote aliyeishi Limuru. Upya ulikuwa katika utendaji. Vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa viwandani na watu wasio na kazi waliusoma mswada, wakausahihisha, wakaongeza nyimbo walizozijua kuliko watunzi, wakajenga kwa mikono yao jukwaa lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya elfu mbili. Mazoezi yalifanyika mbele ya watu, na waliokuja kutazama walikosoa. Ilipofika siku ya onyesho, mpaka kati ya mwigizaji na mtazamaji ulikuwa umekwisha kufifia. Mkuu wa wilaya aliyekiondoa kibali alikuwa, kwa namna yake, mhakiki makini: aliona kwamba mchezo ule haukuwa wa watunzi wawili tena.

Ama katika Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi na Kamiriithu ni *Kilio cha Haki* cha Alamin Mazrui, kilichochapishwa mwaka 1981. Mandhari yake ni shamba la mlowezi Delamon, na kitovu chake ni Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi kudai haki zao, huku akilazimika kupigana na mlowezi nje na wivu na kejeli za wanaume nyumbani. Tamthilia hiyo imeuweka mgogoro wake katika enzi ya ukoloni, lakini hakuna aliyedanganyika. Mwaka 1982, mwaka wa misukosuko mikubwa ya kisiasa nchini, Mazrui aliwekwa kizuizini. Kitabu chenyewe kiliendelea kuwapo, na kimesomwa na kuhakikiwa vyuoni kwa zaidi ya miaka arobaini.

Hapa pana jambo la fani ambalo halijapewa uzito unaostahili. Watunzi wa kizazi hicho, walipotaka kuusema wakati wao kwa tahadhari, walikimbilia historia. Ebrahim Hussein alikwenda kwenye Vita vya Maji Maji katika *Kinjeketile* (1969). Ngugi na Micere Mugo walikwenda kwenye Mau Mau, na kazi yao ikaja kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Mazrui akaenda kwenye shamba la mlowezi. Historia ilikuwa pazia, lakini pazia lenye nyuzi za kweli. Haiwezekani kulisimulia shamba la Delamon bila ya kusema habari za ardhi, ujira, kodi na kiboko. Sababu za dhuluma huja pamoja na mandhari, hata kama mtunzi hakukusudia kuzifafanua.

Tangu miaka ya 1990 pazia limebadilika. Badala ya jana, watunzi wamechagua pasipo mahali. Kithaka wa Mberia ametupa Butangi katika *Kifo Kisimani* (2001), Timothy Arege ametupa Cheneo katika *Mstahiki Meya* (2009), na Pauline Kea ametupa Sagamoyo katika *Kigogo*. Zote tatu zimepata kuwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne, zikifuatana. Nchi hizi za kubuni zinafanana kama watoto wa tumbo moja: mtawala mmoja, washauri wake wanafiki, watetezi wawili watatu wa haki, na umma unaoteseka. Mtetezi wa fani hii atasema kwamba fumbo ni mali ya asili ya Kiswahili, na atamtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezijibu njama za Unguja kwa mashairi ya mafumbo. Utetezi huo una haki, lakini unasahau kwamba fumbo la Muyaka lilikuwa na mtu wa kulifumbua, tena mtu aliyejua kwamba lamhusu na ambaye angeweza kulijibu. Fumbo ambalo jibu lake limechapishwa katika mwongozo wa mtihani na kuuzwa pamoja na kitabu lina kazi nyingine.

Kati ya kazi hizo tatu, *Kifo Kisimani* ndiyo iliyoiepuka hasara ya pasipo mahali kwa ustadi mkubwa zaidi, na imeiepuka kwa kurudi kwenye mapokeo. Mwelusi, anayempinga Mtemi Bokono, anasalitiwa na Gege, nduguye wa toka nitoke, aliyeahidiwa kuozwa Alida, binti wa Mtemi. Msomaji yeyote wa utenzi wa Fumo Liyongo, ule uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anaitambua mifupa ya kisa hiki mara moja: shujaa asiyeshindwa na maadui, mwana anayenunuliwa kwa ahadi ya binti wa mfalme, na kisima. Kithaka hakuiga tu. Katika utenzi, Liyongo aliyejeruhiwa anapiga goti kisimani, upinde mkononi, na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamdhania yu hai, wanaogopa kusogea, nao wanabaki na kiu. Umma wa utenzi ni watazamaji wa mauti ya mtu mkubwa, na mgogoro wenyewe ni wa watu wa ukoo wa kifalme. Kithaka amemwondoa shujaa katika ukoo huo na kumtia miongoni mwa raia, na kwa hatua hiyo moja usaliti wa ndugu umeacha kuwa mkasa wa nyumba ya kifalme, ukawa swali la kisiasa: vipi maskini hununuliwa dhidi ya maskini mwenzake, tena kwa bei ndogo kiasi hicho? Gege ni mhusika anayetisha kuliko Bokono, kwa kuwa Bokono anajulikana tangu mwanzo.

Ni vyema kukumbuka kwamba Kithaka alikuwa amekwisha kuonyesha katika *Natala* (1997) kwamba hahitaji nchi ya kubuni ili kuzungumza juu ya dola. Pale dola inakuja kwa sura ya chifu, na mgogoro ni wa mjane asiyekubali kurithiwa pamoja na shamba. Tamthilia hiyo ndogo ina siasa nyingi kuliko baadhi ya zile zilizofuata na zinazotaja siasa katika kila ukurasa.

*Mstahiki Meya* ina nguvu pale inaposimama juu ya jambo dogo linaloshikika. Zahanati isiyo na dawa, taka zisizozolewa, wafanyakazi wa baraza waliogoma kwa ajili ya mishahara, na Meya Sosi anayehangaika na maandalizi ya kuwapokea wageni kutoka ng'ambo. Haya yamesukwa vizuri, na kejeli yake ni kali. Shauri la Bili, rafiki na mshauri wa Meya, la kuiiba fimbo ya umeya na kuiuza, linatosha kusimama kama picha ya tabaka zima linaloyauza hata mamlaka linayoyatumia. Udhaifu umo katika mwisho. Polisi wanaingia, Meya anakamatwa. Ni nani aliyewatuma polisi hao? Sheria hiyo ilikuwa imelala wapi muda wote huu? Tamthilia haijibu, na pazia linafungwa kabla ya mtazamaji kupata nafasi ya kuuliza.

*Kigogo* inakabiliwa na shida hiyohiyo, ijapokuwa ni kazi yenye upana zaidi. Kufungwa kwa soko la Chapakazi kumeipa tamthilia msingi wa kiuchumi unaoeleweka: wachuuzi wananyimwa riziki, na kiwanja kinanyemelewa na Majoka mwenyewe. Tunu ni mmoja wa wahusika wa kike waliojengwa kwa uthabiti mkubwa katika tamthilia ya Kiswahili tangu Lanina, na si bahati mbaya kwamba aliumbwa na mtunzi mwanamke. Lakini mambo yanapofikia kilele, ushindi wa umma unategemea mkono wa Kingi, mkuu wa polisi, anayeamriwa kuwafyatulia watu risasi na kukataa. Dhamiri ya mtu mmoja aliyebeba silaha inaamua hatima ya Sagamoyo. Kabla ya hapo Kingi hajaandaliwa vya kutosha; kugeuka kwake kunashangaza, wala si kwa mshangao unaotoka katika mantiki ya mchezo.

Ingekuwa rahisi kulihesabu hili kuwa dosari ya kiufundi na kupita. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Kenya walioandamana kuupinga Mswada wa Fedha waliingia katika Bunge jijini Nairobi, na risasi zilifyatuliwa, watu waliuawa. *Kigogo* ilitahiniwa kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Watahiniwa wa mwaka 2022 peke yao walizidi laki nane, na Kiswahili ni somo la lazima. Kwa hesabu ya umri tu, wengi wa waliokuwa barabarani siku ile walikuwa wamewahi kuandika insha juu ya Tunu na Sudi. Haidaiwi hapa kwamba tamthilia iliwatoa nyumbani. Dai kama hilo halithibitiki, na linawanyima vijana hao akili yao wenyewe. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba kizazi hicho kilifundishwa mwisho mmoja wa kisa, mara mbili mfululizo, katika *Mstahiki Meya* na katika *Kigogo*, na kwamba mwisho huo ni wa polisi kuhamia upande wa haki. Mhakiki aliyeusifu mwisho huo kuwa wa kimapinduzi ana haja ya kuurudia.

Kuhusu darasa lenyewe hakuna haja ya maneno mengi. Muktadha wa dondoo, sifa za mhusika, mbinu za uandishi, maudhui kwa hoja ishirini: haya yanajulikana. Tamthilia inakatwakatwa kama nyama ya sokoni, kila kipande na alama zake, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila ya kuwahi kumsikia mhusika hata mmoja akitamka neno kwa sauti. Miongozo inauzwa kwa wingi, na baadhi ya wanafunzi huisoma badala ya kitabu.

Hata hivyo, pingamizi moja lina uzito. Vikundi vya waigizaji huzunguka nchini vikiviigiza vitabu teule mbele ya wanafunzi, shuleni na kumbini. *Kigogo* imeigizwa hivyo mara nyingi, kwa Kiswahili, mbele ya hadhira kubwa ya vijana, bila ya kuhitaji ulinzi wa mahakama. Ikiwa jukwaa ndilo linaloogopwa, mbona majukwaa hayo hayakuguswa? Pingamizi hili linailazimisha hoja kunolewa. Si kila jukwaa ni jukwaa. Wanafunzi wanaoletwa kwa basi kutazama kitabu cha mtihani ni wapokezi. Mchezo umekwisha kuidhinishwa kabla hawajauona, nao wanautazama kwa macho ya mtahini. Wavuja jasho wa Kamiriithu walikuwa wenye mchezo. Na wasichana wa Butere, walioupeleka Nakuru mchezo wa *Echoes of War*, walikuwa wenye mchezo vilevile, kwa kadiri ya kwamba miili na sauti zilikuwa zao na wakati uliosemwa ulikuwa wao.

Ni kweli kwamba kisa cha Nakuru hakiko safi kama cha Limuru. Mtunzi wa mchezo huo, Cleophas Malala, ni mwanasiasa aliyewahi kuwa seneta, na hadi mwaka 2024 alikuwa katibu mkuu wa chama tawala; mchezo wake wa awali, *Shackles of Doom*, ulioigizwa na shule hiyohiyo, nao ulizuiwa mwaka 2013 hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Waliomwona kuwa anawatumia watoto kupigania ugomvi wa wakubwa hawakukosa sababu. Lakini kilichowapata wasichana hao hakielezwi kwa ugomvi huo. Mchezo ulihusu utawala wa kubuni, mbali na Kenya, kwa fani ileile iliyosifiwa madarasani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamuru. Pamoja na hayo yote, gesi ya kutoa machozi ilifyatuliwa karibu na ukumbi, na wasichana hao walisimama jukwaani, wakauimba Wimbo wa Taifa, wakaondoka bila ya kuigiza. Pazia la nchi ya kubuni, ambalo kwa robo karne limetetewa kuwa ngao ya mtunzi, halikumkinga mtu yeyote siku hiyo. Lilikuwa limekinga vitabu tu, navyo havikuwa hatarini.

Mchezo huo ulikuwa wa Kiingereza, na jambo hili halina budi kuwasumbua wasomi wa Kiswahili. Lugha iliyo na watazamaji wengi zaidi nchini, yenye mapokeo ya kujibizana hadharani tangu enzi ya Muyaka, imekuwa lugha ya tamthilia zinazosomwa, huku ugomvi wa wazi juu ya jukwaa ukiendeshwa kwa lugha nyingine. Sehemu ya sababu ni ya kibiashara. Tamthilia ya Kiswahili isiyoteuliwa kwa mtihani ni nadra kuchapishwa mara ya pili. Iliyoteuliwa huuzwa kwa malaki. Mtunzi anajua hayo anapokaa kuandika, na mchapishaji anajua zaidi. Mnunuzi ni mmoja, naye ni dola. Si lazima dola hiyo imwagize mtunzi aandike nini; inatosha kwamba mtunzi anaijua mizani yake: matusi kidogo, mapenzi kwa kiasi, mhalifu aadhibiwe mwishoni, na mahali pasiwe mahali.

La ajabu ni kwamba *Kigogo* yenyewe inaijua hali hii na imeisema. Utawala wa Sagamoyo unataka vinyago vya mashujaa kwa ajili ya sherehe ya uhuru, na wachongaji wa Chapakazi wanaambiwa wavichonge kwa malipo. Boza anachonga. Sudi anakataa, na hata keki ya uhuru inayoletwa kwao anaiona kuwa makombo. Badala yake anachonga kinyago cha mwanamke ambacho hakuna aliyemwagiza, na Kenga, mshauri wa Majoka, anapofika hapo hana njia ya kukiwekea bei.